Stima Ije Mwisho: Maswali Yenu Kuhusu Kompyuta za Zamani

Barua za mwezi huu zimejaa kompyuta zilizotoka stoo. Inaelekea ofisi nyingi za Mombasa zinahama au zinafagia vyumba vya nyuma, na vijana wetu wanawahi mlangoni kabla ya gari la taka kupakia. Nafurahi sana. Mashine hizi ndizo zilizoandika hati za mizigo ya Kilindini, mishahara ya walimu na barua za benki kabla ya intaneti kufika kwetu, na zikishasagwa basi. Nimeona heri nijibu barua chache kwa kirefu kuliko kuzigusa zote juu juu.

*Salaam aleikum, Ami Fundi. Mimi ni kijana wa Kisauni, nafanya kibarua cha kubeba mizigo. Ofisi moja ya mawakala wa forodha ilikuwa ikihama, nikapewa kompyuta nzito ya rangi ya maziwa, mbele imeandikwa 386. Imekaa stoo miaka na miaka. Wenzangu wasema niichomeke nione kama yawaka. Nifanyeje?*
— Kijana wa Kisauni

Waleikum salaam, mwanangu. Usiichomeke, hata kwa sekunde moja. Mashine nyingi zilizolala salama stooni huharibika siku ile ile ya kuchomekwa. Sisi tunaanza na bisibisi, stima inakuja mwisho.

Kwanza piga picha kila upande, nje na ndani, kabla hujagusa waya wowote. Kisha tazama bodi kuu, pembeni, karibu na tundu la kibodi. Mara nyingi utaona hapo kipipa kidogo cha buluu au kijani. Hiyo ni betri ya nikeli na kadmiamu, seli tatu zilizofungwa pamoja, jumla volti 3.6, na kazi yake ni kutunza saa na mipangilio mashine ikizimwa. Ikizeeka huvuja. Kinachotoka ni alkali kali, potasiamu haidroksaidi, nayo hutambaa juu ya bodi ikila njia za shaba. Utaijua kwa unga mweupe kwenye ncha za betri na ukijani kwenye miguu ya chipu za jirani. Katika 286, 386 na 486, yaani kompyuta zinazoitwa kwa namba ya kizazi cha chipu yao kuu, zinazoletwa karakana kwangu, hakuna kitu kilichoua bodi nyingi kuliko betri hii.

Ikate leo, hata kama yaonekana nzima. Usiipindepinde mpaka ing'oke, maana utang'oa na shaba. Kata miguu yake kwa koleo ya kukatia waya. Halafu chukua siki nyeupe, au maji ya ndimu yaliyochujwa vizuri, uchovye mswaki mkuukuu na usugue polepole palipoingia ukijani. Ukiona povu jembamba, asidi imekutana na alkali. Rudia hadi povu liishe. Baada ya hapo suuza kwa maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa kuongezea betri za magari. Hapo uwe macho: kwenye rafu hiyo hiyo huuzwa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Soma kibandiko. Malizia kwa spiriti ya isopropili, kisha acha bodi kivulini mbele ya feni siku mbili tatu. Usiianike juani.

Ikishakauka, pima njia za shaba kwa mita ya kupimia umeme, moja baada ya moja, pale palipoliwa. Iliyokatika inaungwa kwa uzi mwembamba wa waya na lehemu. Ni kazi ya macho na subira, na kijana mwenye mkono mtulivu aweza kuijifunza kwenye bodi mbovu za redio kabla hajaigusa hii.

Sasa pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine stima. Nyuma yake kuna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Kwetu lazima isome 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa imeachwa 115 hulipuka papo hapo. Puliza vumbi, umulike ndani kupitia matundu: mijusi hupenda kulala humo, na mjusi aliyekauka juu ya waya mbili ni shoti inayosubiri. Lakini kisanduku chenyewe usikifungue kama hujafundishwa. Kapasita zake, vile vipande vinavyoweka chaji ya umeme, hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.

Pawa saplai za enzi hiyo hazitaki kuwashwa bila mzigo. Unganisha diski ya zamani usiyoijali, au balbu ya breki ya gari kati ya waya nyekundu na nyeusi. Washa bila bodi kuu, upime: nyekundu na nyeusi zitoe volti 5, isishuke chini ya 4.75 wala kupita 5.25, njano na nyeusi zitoe 12 au karibu yake. Ukiridhika, zima, ndipo urudishe plagi mbili za bodi kuu. Plagi hizo hukaa sambamba na huingia hata ukizigeuza, na ukizigeuza umeiua bodi. Waya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati: nyeusi kwa nyeusi. Andika maneno hayo kwa kalamu juu ya kisanduku.

Anza na bodi, kadi ya skrini na kibodi tu. Mlio mmoja mfupi kwa kawaida ni habari njema. Mashine italalamika kwamba haijui saa wala diski yake, kwa sababu umeondoa betri. Ndiyo maana nakuomba unakili kwanza namba zilizo kwenye kibandiko cha diski ngumu, yaani silinda, vichwa na sekta, uziingize kwa mkono. Ukitaka kuweka betri mpya, usilehemu tu ile bapa ya CR2032 mahali pa ile ya zamani. Bodi itajaribu kuichaji, na betri ya lithiamu ya aina ile haichajiwi, yaweza kupasuka. Lazima pawe na dayodi ya kuzuia umeme kurudi.

La mwisho kwako: diski ile huenda ina hati za wateja wa ofisi. Rudi kwa waliokupa, uwaambie, uwaulize kama wanazitaka. Usizisambaze. Mwenye kuaminiwa na ofisi moja huitwa na ya pili.

*Kaka Fundi, mume wangu marehemu alikuwa mwalimu. Alirudi kutoka masomoni Uingereza miaka ya themanini na kompyuta ya BBC, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Wajukuu wameiona wakaniomba. Nikaichomeka, ikalia vizuri, ikaandika maneno kwenye televisheni, kisha baada ya dakika chache ikapiga "pa!" ikatoa moshi wa harufu mbaya sana. Nimelia. Je, nimeiua?*
— Mama Mwalimu, Tudor

Pole sana, Mama, na Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu. Futa machozi, kompyuta yako karibu hakika i hai. Ulivyoeleza, mlio, maneno, dakika chache, kisha moshi mzito unaonuka, ndivyo mashine hii inavyofanya, na mafundi wa dunia nzima wanaitambua kwa harufu tu.

Ndani ya pawa saplai yake kuna kapasita mbili za kuchuja kelele za umeme, zinazokaa moja kwa moja kwenye stima ya ukutani. Ndani zimetengenezwa kwa karatasi, nje zimefunikwa kwa plastiki ngumu inayoona, ya rangi kama ya asali. Kwa miaka plastiki hiyo hupata nyufa nyembamba, unyevu ukaingia, karatasi ikaunywa. Siku stima inapopita, kapasita hupasuka. Mombasa, ambako hewa yenyewe ni maji, hata kidogo sishangai. Vipande hivyo havishiki uhai wa kompyuta. Mara nyingi mashine huendelea kufanya kazi huku vinafuka.

Ichomoe na iache hivyo. Mtafute fundi anayejua pawa saplai, umwambie abadilishe zote mbili, si ile iliyopasuka peke yake: moja ni mikrofaradi 0.1, nyingine 0.01, na zote ziwe za daraja la X2, volti 275 za stima ya ukutani. Asikuwekee kapasita ya kawaida eti namba zalingana. Daraja la X2 limebuniwa kukaa kwenye umeme wa ukutani bila kuwasha moto likichoka. Vipande vyenyewe ni rahisi kuliko nauli yako.

Nawe wasimulie wajukuu walicho nacho. Mashine hiyo ilitengenezwa na Acorn, kampuni ya mji wa Cambridge, ikaanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1981 pamoja na mpango wa BBC wa kuwafundisha watu kompyuta. Kama ni ile iitwayo Model B, ina kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu. Kati ya walioiunda walikuwepo Sophie Wilson na Steve Furber, na wawili hao ndio waliobuni baadaye chipu ya ARM, iliyofanya kazi mara ya kwanza mwaka 1985. Uzao wa chipu hiyo ndio unaoendesha karibu kila simu iliyo mifukoni mwa watu pale Mwembe Tayari. Mwalimu alileta nyumbani mzizi wa jambo kubwa.

Ikishatengenezwa, ukiiwasha itatoa milio miwili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na kuandika "BBC Computer 32K". Ikitoa mlio mmoja usiokoma, izime, kuna kitu kimeizuia kuanza. Watoto waandike:

10 PRINT "MOMBASA"
20 GOTO 10

kisha neno RUN. Waache waone. Na kama Mwalimu aliacha madaftari au kaseti za programu zake, ziweke pamoja na mashine, ndani ya sanduku moja. Programu alizoandika mwenyewe kwa ajili ya wanafunzi wake hazipatikani popote pengine duniani.

*Fundi, kompyuta yangu imegeuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Nimesikia dawa ya nywele ya saluni yaisafisha. Kweli?*
— Msomaji, Majengo

Kweli inafanya kazi. Ile krimu ya kupaushia nywele yenye haidrojeni peroksaidi asilimia 12, ikipakwa sawasawa, ikafunikwa kwa nailoni na kuwekwa juani, huondoa manjano ya plastiki. Lakini mimi siipendi kazi hii na sikushauri. Jua letu la saa sita hupinda plastiki, krimu ikikauka mahali huacha mabaka yasiyotoka tena, na mara nyingi manjano yenyewe hurudi. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, ukaushe, uiache na rangi ya umri wake. Kibandiko cha namba ya mali ya ofisi pia usikibandue.

*Shikamoo Mzee. Babu yangu alikuwa mtunzi. Miaka ya themanini, ofisini kwake, alikuwa akibaki jioni kuandika tenzi zake kwa kompyuta kwa programu ya WordStar. Ametuachia flopi kumi na mbili, zile pana zinazopindika. Madaftari yake yaliliwa na mchwa, kwa hiyo hizi flopi ndizo zilizobaki. Nyingine zina madoa meupe ukizitazama kwenye kitundu. Nimepata kompyuta yenye mahali pa kuzitia. Nizitie?*
— Mjukuu wa mtunzi, Kibokoni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote za mwezi huu. Usizitie. Madoa hayo ni kuvu.

Flopi ni duara la plastiki nyembamba lililopakwa unga wa oksaidi ya chuma uliogandishwa kwa gundi. Maandishi ya babu yako yamo katika unga huo, kwa usumaku. Gundi hunywa unyevu, kuvu huota juu yake. Ukiitia flopi ya namna hiyo kwenye mashine, kichwa cha kusomea hugusa uso wake huku inazunguka mara 300 kwa dakika, na kuvu ikikwama kwenye kichwa hukwangua unga wote kwa mviringo. Mstari huo wa utenzi umekwenda. Kisha kichwa kile kichafu kinaingia kwenye flopi ya pili, na ya tatu. Nimeona sanduku zima likiteketea alasiri moja kwa sababu mtu hakutaka kungoja.

Fanya hivi. Zihesabu, uziandikie namba kwenye bahasha, si juu ya flopi yenyewe, maana kalamu ya wino mgumu hukandamiza. Nakili yaliyoandikwa kwenye kila kibandiko hata kama huyaelewi. Pembeni mwa kila flopi kuna pengo dogo la mraba. Lizibe kwa kipande cha karatasi yenye gundi. Likizibwa, mashine haiwezi kuandika juu yake. Zigawe mafungu mawili, safi na zenye madoa. Zile safi zianze, na baada ya kila moja safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti ya isopropili.

Zenye madoa zinataka kuoshwa. Hapa moyo wa mtu hudunda, lakini ni kazi inayojulikana na watunza nyaraka. Ukingo wa juu wa ganda hufunguliwa kwa wembe kwa uangalifu, duara likatolewa kwa vidole vyenye glavu bila kugusa uso, likaoshwa kwa maji safi yasiyo na madini na tone la sabuni laini, likasuuzwa, likakaushwa kivulini, kisha likawekwa ndani ya ganda safi la flopi nyingine isiyo na kazi. Kwanza fanya mazoezi kwa flopi zisizo na kitu. Ya babu yako isiwe ya kujifunzia.

Kuzisoma, usitegemee visomaji vya flopi vya USB vinavyouzwa madukani. Hivyo ni vya flopi ndogo za inchi tatu na nusu, na zako ni za inchi tano na robo. Njia ninayoipenda ni kuchukua kisomaji cha zamani cha inchi tano na robo na kukiunganisha na kompyuta ya leo kupitia bodi ndogo iitwayo Greaseweazle. Michoro yake iko wazi kwa yeyote kuitengeneza. Uzuri wake ni huu: hainakili mafaili tu, inarekodi mabadiliko yote ya usumaku kama yalivyo juu ya flopi. Hata sehemu isiyosomeka leo inabaki imehifadhiwa, na mtu aweza kuirudia kesho kwa programu bora bila kuigusa tena flopi yenyewe. Flopi iliyochoka pengine itakupa nafasi moja tu, kwa hiyo nafasi hiyo itumike vizuri.

Kisha utafungua faili na utashtuka. WordStar ilikuwa na desturi ya kutia alama ndani ya herufi ya mwisho ya neno, kwa kuwasha biti ya nane, yaani kuongeza 128 kwenye namba inayoiwakilisha herufi hiyo ndani ya kompyuta, ili ijue namna ya kunyoosha mistari. Programu za leo husoma herufi hiyo kuwa kitu kingine. Kwa kuwa maneno yetu ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, ni irabu za mwisho zitakazoharibika: a itakuwa á, e itakuwa å, i itakuwa é, o itakuwa ï, u itakuwa õ. Utasoma "bismillahé" na "moyï wangõ". Usidhani faili limeoza. Programu fupi ya mistari mitatu minne, inayotoa 128 kwenye kila herufi iliyozidi 127, itarudisha utenzi kama ulivyoandikwa, pamoja na mizani na vina vyake. Kijana yeyote anayesomea kompyuta hapa mjini aweza kukuandikia. Faili la asili lihifadhi vile vile bila kuligusa, usafishe nakala.

Ukimaliza, weka nakala mahali patatu: nyumbani, kwa ndugu aishiye mji mwingine, na moja iliyopigwa chapa kwenye karatasi. Na kama familia yaridhia, wapelekee Makumbusho pale Fort Jesus waulizeni kama wataipokea. Ukihitaji mkono wa kuosha zile zenye kuvu, niandikie tena kupitia gazeti hili. Kazi hiyo nitaifanya nawe bila malipo.

*Mzee, mimi na wenzangu wa Likoni twataka kuanza kukusanya. Twapata wapi? Na binamu yangu yuko Uingereza, aja Disemba. Nimwagize nini?*
— Wapenzi wa mashine, Likoni

Hapa mjini tafuteni mahali palipofanya kazi za karatasi nyingi zamani: ofisi za mizigo, mawakili, shule za sekondari, hoteli za pwani, misikiti na makanisa yenye ofisi. Nendeni mkiwa na adabu, muacheni namba ya simu kwa mlinzi na kwa mhudumu wa usafi, kwa maana hao ndio wajuao kilicho stoo. Yadi za vyuma vikuukuu za Changamwe na Jomvu pia zinapokea kompyuta kwa kilo, ila huko mwahitaji kuwahi, kwani bodi huvunjwa siku hiyo hiyo kutolewa madini. Mpeni mwenye yadi bei inayozidi ya kilo kidogo, atawawekea. Na kila mara chukueni karatasi ya ununuzi. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na kompyuta isiyojulikana ilikotoka yaweza kuwaletea askari mlangoni.

Binamu mwagizeni ZX Spectrum ya kilobaiti 48, ile nyeusi ndogo yenye vibonye vya mpira, iliyotoka mwaka 1982. Yaingia kwenye mkoba wa mkononi, ndani ina vipande vichache ambavyo mwanafunzi aweza kuvifuata kwa kidole, na ule utando wa chini ya vibonye, ambao hukakamaa na kupasuka, bado hutengenezwa mpya. Programu zake zilikuwa kwenye kaseti, na leo mwaweza kuzipakia kwa kuchomeka simu kwenye tundu la EAR na kucheza sauti ile ile ya mkwaruzo. Muangalie jambo moja: adapta yake ni volti 9 na sehemu ya katikati ya plagi yake ni hasi, kinyume cha adapta nyingi zilizo nyumbani. Msichomeke adapta ya kuokota.

Akikuta Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani ya enzi hiyo, kwa bei nzuri, ailete, lakini lile tofali zito la pawa saplai asihangaike nalo. Likichoka huzidisha ile volti 5 na kuunguza chipu za kumbukumbu bila onyo. Nunueni saplai mpya iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na iwe ya Uingereza, si ya Marekani: ile ya Marekani yataka volti 110 na picha yake yaweza kukataliwa na televisheni zetu.

*Fundi, naishi Bamburi, nyumba inatazama bahari. Mashine zangu zaota kutu hata zikiwa kabatini. Nizifunge kwa nailoni?*
— Dada wa Bamburi

Usizifunge, dada yangu. Hewa ya Mombasa hukaa juu ya asilimia 70 ya unyevu sehemu kubwa ya mwaka, na upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi ikitua juu ya bodi huvuta maji kutoka hewani, ikawa utando mwembamba unaopitisha umeme na kuzaa kutu. Ukifunga nailoni, unyevu uliomo ndani unabaki humo humo.

Weka mashine kwenye rafu ya ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa upande wa bahari na mbali na sakafu. Zifunike kwa leso kuukuu ya pamba; inazuia vumbi na chumvi na bado inapumua. Kama kweli lazima ziwe sandukuni, tumia sanduku la plastiki lenye kifuniko cha mpira, tia ndani punje nyingi za silika, zile zinazogeuka rangi zikishiba maji, na uzikaushe kwenye joto dogo la jiko kila zinapogeuka. Vijifuko vidogo vinavyotoka kwenye viatu havitoshi. Ziba matundu makubwa kwa wavu wa chuma mwembamba kwa sababu ya mijusi na mende. Toa betri zote, hata za rimoti.

Na ziwashe. Mashine iliyokwisha kukaguliwa ipate saa moja ya kazi kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili. Joto lake lenyewe hufukuza unyevu, na kapasita zake hukaa vizuri zikitumika. Ipitishe kwenye stabilaiza, maana stima yetu hurukaruka.

*Mzee, skrini ya kizamani, ile yenye kisogo, picha yake imekuwa mstari mmoja katikati. Nataka kuifungua mwenyewe. Una ushauri?*
— Kijana wa Mikindani

Usiifungue mwenyewe, mwanangu, na hili silisemi kwa kukutisha. Bomba la picha la rangi hubeba volti zaidi ya 20,000, na hubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Kioo chake kikipasuka, hewa huingia kwa kishindo na vioo hurukia usoni. Mstari mmoja wa mlalo maana yake ni kwamba sehemu ya kutandaza picha juu na chini haifanyi kazi. Mara nyingi ni chipu moja, au lehemu iliyopasuka kwa joto, na kwa mwenye ujuzi si kazi kubwa. Izime sasa hivi, kwa sababu mstari huo mkali huunguza fosfori, ule unga unaong'aa ndani ya kioo, na kuacha alama ya daima. Kisha mtafute mmoja wa wale wazee waliokuwa wakitengeneza televisheni za kisogo. Makupa na Majengo bado wapo, ingawa siku hizi wengi wanauza chaja za simu. Mwombe akuruhusu ukae kando utazame anavyoondoa chaji kabla ya kugusa kitu.